Maswali na Majibu: Mtoto asiyezungumza ni mwanafunzi wa shule nzima

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu wanafunzi wa shule na vitengo vya elimu maalumu ambao maneno hayawatoki, au yanatoka lakini anayeyaelewa ni mama peke yake. Wameandika walimu, mzazi, matroni, mkuu wa shule na mpishi. Barua ya mpishi imetufurahisha kuliko zote, na ukiifikia utaona kwa nini.

Picha zipo, watoto hawazitumii

*Ninasimamia kitengo cha wanafunzi 14 wenye usonji na ulemavu wa akili. Tumebandika ukutani bango lenye picha 60, na kila Jumanne na Alhamisi tuna kipindi cha mawasiliano. Namwita mtoto mmoja mmoja: "Nionyeshe ng'ombe. Nionyeshe embe." Baadhi wanaonyesha vizuri kabisa, lakini hakuna anayelitumia bango kuomba chochote. Kasoro iko wapi? – Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, watoto wamejifunza kile walichofundishwa: ukiulizwa, onyesha. Huo ni mtihani wa msamiati, na mtoto hapati humo kitu zaidi ya kusifiwa. Hawajawahi kumwona mtu mzima akisema haja yake mwenyewe kwa picha hizo. Mtoto anayesikia hukaa karibu mwaka mzima akisikiliza watu wakiongea kabla ya kutoa neno lake la kwanza, na katika muda huo wote hakuna anayemdai jibu. Anayejifunza kuongea kwa picha anahitaji muda kama huo wa kuwaangalia wengine.

Kwa hiyo pumzisha maswali, anza kuongea wewe. Ukifungua mfuko wa mipira, sema "Nafungua" huku unagusa picha ya FUNGUA. Mtoto akikimbilia mlangoni, sema "Unataka kwenda nje" na uguse NATAKA, kisha NENDA. Gusa neno moja au mawili katika sentensi. Ukitaka kugusa kila neno utachelewa, na mtoto ataondoka kabla hujamaliza. Kisha nyamaza umtazame usoni, ukihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu. Tukifika tatu tumeshauliza tena, na swali la pili linamvuruga mtoto aliyekuwa bado analitafutia jibu swali la kwanza. Usimshike mkono ukaupeleka kwenye picha. Akigusa hata kwa bahati mbaya, lichukulie kuwa ni neno na ulijibu: akigusa FUNGUA, fungua kitu.

Sasa maneno yenyewe. Mabango mengi yamejaa majina ya vitu: ng'ombe, meza, embe, saa. Kwa majina matupu mtoto anaweza kutaja, lakini hawezi kukataa, kuomba kitu kirudiwe, kuuliza wala kulalamika. Jaribu ubao wa vyumba 20, safu nne kwenda chini na tano kwenda pembeni, kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa: mimi, wewe, nataka, sitaki, tena, basi, bado, saidia, nenda, njoo, angalia, hii, wapi, nani, nzuri, mbaya, inauma, fungua, weka, kitu kingine. Angalia BASI linavyofanya kazi: nimeshiba, acha, imetosha, tumemaliza. TENA litatumika kwenye bembea, kwenye uji na kwenye wimbo. Majina ya vitu yakae kwenye karatasi ndogo za kila mahali, ya bwalo bwaloni na ya uwanja uwanjani.

Walimu wa Kiswahili hujiuliza waandike kitenzi kwa umbo gani. Andika umbo ambalo watoto wanalisikia sana, kisha ulitumie kwa nyakati zote. "Tumekwenda", "nitakwenda" na "hajaenda" zote unagusa NENDA, huku mdomo wako ukisema sentensi kamili yenye ngeli na nyakati zake. Sarufi ataipata kwa sikio.

Neno likishapewa chumba lisihamishwe. Mkono unakumbuka mahali kabla jicho halijatambua picha, kwa hiyo kama SITAKI iko juu kulia, ibaki juu kulia kwenye nakala zote za shule. Ukijua kwamba baadaye utaongeza maneno, tengeneza tangu mwanzo ubao wa vyumba 40, ufunike 20 kwa karatasi nyeupe, halafu uvifunue kidogo kidogo. Picha za bure unaweza kuzipata kwenye mkusanyiko wa ARASAAC wa jimbo la Aragon, Hispania. Pale ambapo picha ya kule haifanani na maisha yetu, kama ya choo au ya jiko, piga picha ya chenu kwa simu.

Kama stesheneri yenye mashine ya laminesheni iko mbali, bandika karatasi kwenye kadibodi na uifunike pande zote mbili kwa selotepu pana angavu, ukiacha ukingo wa sentimita moja upitilize ili mate na maji yasipenye. Plastiki ya kung'aa huakisi jua, kwa hiyo uwanjani uushike ubao ukiwa umeinama kidogo. Kamba ya ubao ivaliwe shingoni na mtu mzima. Mtoto asivalishwe kamba shingoni hata kidogo, kwa sababu inaweza kumnyonga akiwa kwenye bembea au kitandani.

Picha hazitamfanya mvivu wa kusema?

*Mwanangu ana miaka 6 na ana hali ya Down (tofauti ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza na kusema). Shuleni wameanza kumpa picha na alama za mikono. Bibi yake anasema tukimzoesha hayo hatasema kamwe. Pia tumeambiwa tuache Kisambaa nyumbani, tuseme Kiswahili tu. – Mama, Tanga*

Mama, wasiwasi wa bibi unawasumbua wazazi kila nchi, na watafiti wameuchunguza. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti zilizopima usemi wa watu kabla na baada ya kupewa alama au picha. Katika wale 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi. Asilimia 89 waliongeza, waliobaki hawakubadilika. Kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo, kwa hiyo usiahidiwe muujiza. Lakini hofu ya kupoteza sauti haina msingi.

Jambo ambalo lingetufanya tusilale ni masikio. Watoto wenye hali ya Down hupata mara nyingi majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, na usikivu wao hupanda na kushuka: leo anaitika, kesho anaonekana mkaidi. Mpeleke hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo, na uombe apimwe usikivu. Kuangaliwa nta peke yake hakutoshi. Arudiwe kupimwa angalau kila mwaka akiwa bado mdogo. Hakuna picha wala somo litakalofidia sikio lisilosikia.

Kisambaa msiache. Mtoto anajifunza kuwasiliana kwa yule anayeongea naye kwa wepesi na mapenzi, na kama kwa bibi wepesi huo uko katika Kisambaa, basi lugha ni hiyo. Watoto wenye hali ya Down wanaweza kukua na lugha mbili. Bibi apewe nakala ya ubao na aombwe aongee Kisambaa akigusa picha zile zile, kwani picha haina kabila. Tunaamini akishauona mkono wa mjukuu ukimwambia "tena" baada ya hadithi, hatahitaji maelezo yetu.

Anamwaga sahani

*Mimi ni mpishi wa shule, sijasomea elimu maalumu. Kuna kijana wa miaka 11 asiyesema. Siku nyingi za maharage anamwaga sahani, nyingine hamwagi. Walimu wanasema ana tabia mbaya. Mimi nahisi ananiambia kitu. – Mpishi, Nakuru*

Mpishi, hisia yako ni sahihi, na wewe ni mtu muhimu kuliko unavyoambiwa. Mtoto huyo hukutana nawe kila siku, akiwa na haja ya kweli na kitu cha kweli mbele yake. Kipindi cha darasani hakina nguvu hiyo.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila mlo: saa, chakula, alikaa karibu na nani, alifanya nini kabla ya kumwaga, na baada ya kumwaga alipata nini. Mstari wa mwisho ndio wenye siri. Kama baada ya kumwaga huondolewa bwaloni, labda anachokimbia ni kelele. Kama huletewa wali, sahani iliyomwagwa ndiyo njia yake pekee ya kuagiza wali. Angalia pia kama chakula kilikuwa cha moto sana, kama hutafuna upande mmoja wa mdomo, na kama siku hizo alikuwa hajapata choo. Jino bovu na kufunga choo ni sababu za mara kwa mara za "tabia mbaya" kwa mtoto asiyeweza kusema panauma.

Pale unapopakulia, bandika kwenye kiwango cha macho ya watoto karatasi yenye picha za vyakula vya siku hiyo pamoja na ONGEZA, KIDOGO, BASI, MOTO na SITAKI. Kila unapopakua, gusa na useme. Kijana huyu apewe kadi yake ya SITAKI, ya ukubwa wa kiganja, kando ya sahani. Mwanzoni mtu mmoja asimame nyuma yake. Mkono ukianza kuisukuma sahani, auongoze mkono huo uguse kadi, bila kusema neno. Wewe uliye mbele yake unaondoa sahani papo hapo: "Hutaki. Sawa." Ataitumia mara kumi kwa siku, hata kwa chakula anachokipenda, akijaribu kama kweli inafanya kazi. Iheshimu kila mara katika siku hizo. Ukiipuuza mara mbili tu, atarudi kwenye njia anayoiamini. Baadaye ndipo unaweza kuanza kumwambia "Subiri kidogo", ukihesabu tatu, halafu tano.

Usimnyime chakula mpaka aguse picha. Anayeagiza hivyo anamfundisha mtoto kwamba picha ni adhabu, na chakula cha mtoto hakiwekewi masharti. Tumetaja mkono wa kuongoza hapa ingawa tumemkataza mwalimu wa Morogoro, na tofauti ni hii: huyu ameshaanza kusema "sitaki" kwa mwili wake, wewe unampa tu mahali pengine pa kulisemea. Mkono huo uondolewe mapema iwezekanavyo, ndani ya siku chache.

Ndiyo yake na hapana yake zinachanganya

*Mwanafunzi wangu wa miaka 13 ana mtindio wa ubongo. Hatumii mikono, hasemi, lakini nina hakika anaelewa karibu kila kitu. Nikimuuliza, leo anatikisa kichwa, kesho anatabasamu tu. Kuna mtu ameniahidi kunifundisha kumshika mkono ili aandike kwa herufi. – Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu, tuanze na hilo la mwisho: usilikubali. Njia ya kumshika mtu mkono au kiwiko akichagua herufi ilipimwa sana katika miaka ya 1990. Mshikaji na mshikwaji walipoonyeshwa picha tofauti bila kujua, herufi ziliandika picha aliyoiona mshikaji. Alifanya hivyo bila kukusudia, lakini maneno yalikuwa yake. Mwanafunzi wako ana maneno yake mwenyewe.

Kabla ya swali lolote, tazama anavyokaa. Nyonga zirudi nyuma kabisa kwenye kiti, nyayo zikanyage kitu kigumu (boksi lililojazwa magazeti linatosha), meza iwe usawa wa viwiko, kichwa kiwe na cha kuegemea. Anayepambana asianguke hana nguvu iliyobaki ya kutazama wala kuitikia. Halafu chagua pamoja naye harakati anazoziweza kila siku, hata akiwa amechoka. Kutikisa kichwa ni kugumu kwa wengi wenye mtindio wa ubongo, kwa sababu kichwa huenda kisikotakiwa. Kutazama juu kwa NDIYO na kutazama chini au kufumba macho kwa HAPANA hufaa zaidi. Tabasamu lisiwe jibu: anaweza kukutabasamia kwa kukupenda tu.

Kisha rekebisha maswali yenu. "Hutaki chai?" ni swali baya kwa mtu wa ndiyo na hapana, kwa sababu wengine wetu hujibu "ndiyo, sitaki" na wengine "hapana, sitaki". Uliza "Unataka chai?" Usiulize "Chai au uji?" halafu ukasubiri ndiyo. Na akishajibu usirudie swali kwa kuwa jibu limekushangaza. Mtoto akiulizwa mara ya pili hudhani amekosea, akageuza.

Kupima kama njia imekaa, muulize mambo 10 ambayo wote mnayajua, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yakiwa yamechanganywa: jina lake, rangi ya sare yake, kama mnakaa juu ya mti. Akipata tano kati ya kumi, ni sawa na kubahatisha, na mara nyingi kilichokosewa ni harakati uliyoichagua. Akipata tisa, muamini hata anapokukatalia.

Ndiyo na hapana pekee humfungia mtoto ndani ya maswali ya wengine. Mtengenezee fremu ya macho: kipande cha plastiki ngumu angavu, karibu sentimita 60 kwa 45, chenye tundu katikati linalotosha nyuso zenu kuonana. Kingo zipigwe msasa. Bandika picha pembeni zikimwelekea yeye, na nyuma ya kila moja uandike jina la kusoma wewe. Ishike kama nusu mita kutoka usoni kwake. Anza na picha mbili, juu kushoto na juu kulia, ndipo uende nne, kisha sita. Anatazama anachotaka, kisha anakutazama wewe kupitia tundu, na huko kukutazama ndiko kusema "nimemaliza". Wewe tamka: "Umetazama NJE." Kosa la kawaida ni mshikaji kutupia jicho picha anayoitarajia, mtoto akalifuata.

Kwa siku ambazo fremu haipo, muorodheshee kwa sauti: "Ni mtu? Ni mahali? Ni mwili wako? Ni kitu kingine?" Mpangilio uwe huo huo siku zote, mwendo huo huo, na sekunde tano au zaidi baada ya kila moja. "Kitu kingine" lisikose, maana bila hilo orodha yako ndiyo ukuta wake. Mpelekeni pia kwenye EARC, kituo cha tathmini cha eneo lenu. Vituo hivyo viko Kenya tangu 1984, na ripoti yake itasaidia kupata kiti kinachomfaa.

Haoni na hasikii

*Tumepokea bwenini mtoto kiziwi asiyeona. Kila tukimshika ili tumpeleke mahali anapiga kelele. – Matroni, Dodoma*

Kwake mikono inatokea hewani na kumburuta. Mguse kwanza begani, palepale siku zote, uache mkono hapo kidogo. Kisha mpe alama ya wewe ni nani, kwa mfano bangili yako aipapase. Halafu mpe kitu kinachosema mnakokwenda: kikombe kwa kula, kipande cha taulo kwa kuoga, kipande cha shuka kwa kulala. Kitu kiwe ambacho kweli anakigusa katika shughuli hiyo. Kikombe cha mdoli hakina maana kwake. Akibebe mpaka mfike, na shughuli ikiisha akiweke mwenyewe kwenye kikapu cha "basi". Zamu zote mbili za bweni zitumie vitu vile vile.

Alama za mikono za wapi?

*Tunataka kutumia alama kwa watoto wanaosikia lakini hawasemi. Mgeni ametuletea kitabu cha Makaton. – Mwalimu, Iringa*

Makaton ilianza Uingereza katika miaka ya 1970 kwa alama za viziwi wa huko. Wazo lake ni zuri: kusema huku ukitoa alama za maneno makuu. Chukueni wazo, alama ziwe za Lugha ya Alama ya Tanzania, ili mtoto aeleweke kwa viziwi wa mtaani kwake. Mwalimu bora ni kiziwi mwenyewe. Wasomaji wa Kenya, zenu ni za Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ni lugha nyingine na ambayo Katiba ya 2010 imeipa nafasi hata Bungeni. Anzeni na alama kumi, na mlinzi wa getini awe wa kwanza kufundishwa.

Shule nzima, na vishikwambi

*Tuna wafadhili watakaotupa vishikwambi 10. Nipange vipi mawasiliano kwa shule nzima? – Mkuu wa shule, Mwanza*

Vishikwambi vipokee, visiwe mwanzo. Kabla ya kuvikubali hakikisha programu inasoma Kiswahili au inakubali kurekodi sauti, na sauti hiyo irekodiwe na mtoto wa rika na jinsia ya mtumiaji. Funga kifaa kibaki kwenye programu hiyo moja, maana chenye michezo huwa cha michezo. Mpangilio wa picha ulingane na ubao wa karatasi, kwa sababu umeme utakatika na karatasi ndiyo itabaki. Kisichukuliwe kwa adhabu: ni kumziba mtoto mdomo.

Kazi kubwa, Mkuu, ni hii. Chagua mwanafunzi mmoja, na mtu mmoja amfuate kutoka getini asubuhi hadi kitandani. Kila mahali aandike mtoto alikuwa na jambo gani la kusema, na alikuwa na njia gani. Utakuta darasani zipo picha, lakini chooni, kwenye basi, kwa muuguzi na bwenini usiku hakuna kitu. Anzia huko. Kila mtoto awe na ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa nafsi yake: "Nasema ndiyo hivi. Nasema sitaki hivi. Nikiumwa nafanya hivi. Nikalishe hivi wakati wa kula." Uandikwe na mzazi, mwalimu na matroni pamoja, uwe na tarehe, na uhakikiwe kila muhula. Mwalimu mpya ausome kabla ya kumgusa mtoto. Mtoto akihama, uende naye.

Dakika 20 kila Ijumaa zitengwe kwa wafanyakazi wote, wapishi, walinzi na dereva wakiwemo: neno moja la wiki, wafanye mazoezi wao kwa wao. Mtu mmoja awe na jukumu la kuchapa mbao zilizochanika, akiwa na nakala tatu za akiba. Miradi mingi imekufa kwa kukosa nakala ya pili. Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache kwetu, na hata Makerere ilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu. Ukimpata mmoja kwa siku moja, usimpangie foleni ya kuwapima watoto 40. Mpe watoto wanne wagumu zaidi, na wafanyakazi waangalie anavyofanya.

Kuna ukurasa mmoja ambao shule nyingi zinauonea haya, nasi tunaomba usiuache: wa mwili. Uwe na picha ya mwili mzima, mbele na nyuma, pamoja na sehemu za siri kwa majina yake, na maneno ACHA, ANANIUMIZA, AMENIGUSA, NAOGOPA, NANI, na picha za watu wote wa shule, wewe Mkuu ukiwemo. Asiyeweza kutaja ndiye anayelengwa na wadhalimu. Maneno hayo yafundishwe siku za kawaida, wakati wa kuoga na kuvaa, yawe yamezoeleka. Mtoto akiyatumia kueleza jambo, usimhoji kwa maswali ya ndiyo na hapana, kwa sababu yanamtilia maneno na mahakamani yataharibu ushahidi. Andika alichogusa, kwa mpangilio alioufuata, saa na nani alikuwepo. Mwondoe mtoto karibu na anayetajwa, mpeleke hospitali, na utoe taarifa siku hiyo hiyo kwa polisi au ustawi wa jamii. Namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya, ni 116.